Dereva mlevi: nisamehe au afungwe?

SWALI: Assalaam alaykum Shehe. Mimi mkaazi wa Wete, Pemba. Dereva aliyelewa kamgonga mwanangu wa miaka 9 akitoka chuoni (madrasa), mguu umevunjika. Vijana wakampiga papo hapo. Sasa wazee wake wamekuja na fedha, wanataka yaishe, nifute kesi. Wengine wananambia nikatae, afungwe maisha. Lipi la haki?

JIBU: Waalaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh. Mwenyezi Mungu amponye mwanao, arudi chuoni kwa miguu yake.

Nianze na kile kipigo, maana watu wanakipita kama si kitu. Mtume (s.a.w.) aliletewa mlevi, akapigwa kwa fito za mtende na viatu kiasi cha mara 40. Zama za Sayyidna Umar, khalifa wa pili, zikafika 80. Kwetu sisi Mashafii, wafuasi wa madhehebu ya Imamu Shafii, haddi (adhabu iliyokwishawekwa kiwango na sheria ya dini) ni 40, inayozidi ni taazir, yaani adhabu anayoikadiria kiongozi. Na wanazuoni wamesema mlevi hapigwi mpaka alevuke, ajue anaadhibiwa kwa lipi. Vijana wenu wamempiga mtu aliyekuwa hata kusimama hawezi, bila ya hukumu. Wamedhulumu, ijapokuwa na yeye kadhulumu.

Kesi yenyewe haiendi kwa Kadhi, ambaye kwetu Zanzibar anahukumu ndoa, talaka na mirathi. Inakwenda mahakama za kawaida, na adhabu zake zimo katika mlango wa taazir. Taazir hupimwa. Aliyesimamishwa njiani hajadhuru mtu si sawa na aliyevunja mguu wa mtoto, na huyo si sawa na aliyeua. Wa mara ya kwanza si sawa na aliyeonywa akarudia. Binafsi naiona faini peke yake haitoshi: inayomlaza njaa dereva wa chai maharage (gari ndogo ya abiria), tajiri anaitoa mfukoni bila ya kuhesabu. Kunyang'anywa leseni kunawauma wote wawili, na barabara inasalimika.

Afungwe maisha? Hapana. Suratul Maida, aya ya 8, inatukataza chuki isitutoe katika uadilifu. Kuna sahaba aliyekuwa akiadhibiwa kwa ulevi mara kwa mara. Mtu akamlaani, Mtume akakataza, akasema huyo anampenda Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Lakini adhabu hakumfutia.

Fedha za matibabu ni haki ya mwanao. Zipokee, ziandikwe mbele ya mashahidi, na zisiwe bei ya kufuta kesi. Uchungu wako wewe unaweza kuusamehe, na una ujira mkubwa. Usalama wa watoto wengine wanaovuka barabara ile si wako kuusamehe. Waambie wazee hivyo kwa upole, uwakaribishe kahawa, na maelezo yako polisi uyaache kama yalivyo.

Wallahu aalam.