Mayai ya mwatiko yakiharibika, anzia kwenye chakula cha wazazi

Mwatiko wazazi (samaki wa kuzalishia; kwa Kiingereza milkfish) wakitaga mayai mabovu, wafugaji wengi hukimbilia sindano ya homoni. Homoni humsukuma jike aachie alichonacho tumboni, haijengi kiini cha yai. Kiini hujengwa kwa miezi kadhaa kabla ya kutaga, kutokana na anacholishwa. Ukibadilisha chakula wiki moja kabla ya msimu, umechelewa.

Kosa la kawaida ni kuwapa wazazi chakula cha kunenepesha perege kwa sababu ni rahisi. Protini huenda ikatosha, ila mafuta yake mengi ni ya mimea, na kifaranga cha baharini huhitaji EPA na DHA, mafuta ya omega-3 yaliyomo kwenye samaki, ili ubongo na macho yake yakue sawasawa. Tafuta chakula chenye protini 36–38% na mafuta 6–8%, chenye unga wa samaki na mafuta ya samaki. Wazazi 20 wa kilo 5 ni kilo 100; kwa 2% ya uzito wao wape kilo 2 za chakula kwa siku, nusu asubuhi, nusu alasiri. Usiwashindilie: jike aliyejaa mafuta tumboni hatagi vizuri. Naye aliyekondeshwa, mwili wake huyafyonza mayai kabla hayajakomaa.

Vitamini C ndiyo inayopuuzwa zaidi. Majaribio ya SEAFDEC, kituo cha maendeleo ya uvuvi cha Kusini-Mashariki mwa Asia, nchini Ufilipino yaliwapa mwatiko wazazi vitamini C, E, au zote mbili. Waliopewa C, peke yake au pamoja na E, walitoa mayai mazima zaidi. E peke yake haikufua dafu. Kwa kila kilo ya chakula, koroga gramu 1 ya vitamini C kwenye maji kidogo, nyunyizia tembe za chakula, anika kivulini. Kisha changanya miligramu 500 za vitamini E kwenye mililita 10 za mafuta ya samaki, upake juu. Nunua C ya aina ya fosfati; ile ya kawaida huharibika upesi. Tengeneza cha siku chache tu.

Chakula chenye harufu ya rangi ya mafuta kimechacha. Kitupe, hata kama mfuko umejaa. Wala usidhani kuongeza mafuta ya samaki bila kipimo kutasaidia: kwa samaki aitwaye dorada (gilthead seabream) wa Mediterania, omega-3 ikizidi mno huleta vifaranga wenye mfuko wa kiini uliovimba.

Mwatiko hutaga usiku, kwa hiyo kusanya mayai alfajiri. Weka sampuli kwenye glasi ya maji ya bahari, uiache itulie. Mazima huelea na yana uwazi. Mabovu huwa meupe na kuzama. Pima chumvi kwanza, maana mvua ikipunguza chumvi hata mayai mazima huzama, nawe utalaumu chakula bure. Chini ya hadubini usitafute tone la mafuta ndani ya yai: la mwatiko halina.