Dizeli yangu ya 2013 nalipia, petroli ya jirani ya 2006 bure. Imekaaje hii?

SWALI: Fundi habari za kazi. Mimi niko London huku mashariki, nafanya ulinzi usiku, nina Passat ya dizeli ya 2013, injini haigongi, moshi hauonekani, MOT (ule ukaguzi wa gari) inapita kila mwaka, lakini kila nikiitoa nalipa pauni 12.50 ya ULEZ, ile tozo ya London kwa magari yanayochafua hewa, na jirani ana kigari chake cha petroli cha 2006 halipi hata senti. Je itafika siku waniambie gari yangu marufuku? Kaka yangu Mombasa anasema niipakie melini nimpelekee yeye.

JIBU: Pole ndugu yangu. Kwanza toa hofu, ULEZ haizuii gari kutembea, inakutoza tu. Cha kuizuia ni MOT, na kama inapita utaiendesha mpaka uichoke mwenyewe.

Sasa ya jirani. Pale hawaangalii umri, wanaangalia gesi za naitrojeni zinazotoka kwenye ekzosi, kikomo ni gramu 0.08 kwa kilomita. Petroli zilifikia hapo na Euro 4 (Euro ni viwango vya Ulaya vya moshi wa magari, namba ikipanda masharti yanakaza), kuanzia 2005 2006 hivi, dizeli zikachelewa mpaka Euro 6, yani 2015, ya kwako bila shaka ni Euro 5 ambayo inaruhusiwa mpaka 0.18. Moshi kutoonekana hakusaidii kitu maana gesi hiyo huioni kwa macho. Ila kuna gari za miaka 40 na zaidi zinasamehewa kabisa ikiwa zimesajiliwa kama za kihistoria, sasa we piga hesabu, ya kwako mpaka miaka ya 2050 huko haha.

Ila kinachokuumiza zaidi naona ni hizo shifti. Siku ya ULEZ inaanza saa 6 usiku inaisha saa 6 usiku, ukitoka nyumbani saa 4 usiku ukarudi alfajiri ushalipa mara mbili, usiku tano mfululizo ni siku sita, pauni 75 kwa wiki! Hiyo hela kwa miezi michache unapata petroli ya 2007 iliyotunzwa vizuri. Mimi ningeiuza hiyo Passat kwa mtu anayeishi nje ya London, huko sehemu nyingi haidaiwi chochote. Usimuuzie wa Birmingham tu, katikati ya mji wanatoza pauni 8, na Glasgow ndo kabisa, tangu Juni 2023 katikati ya mji ni marufuku, ukiingia unapigwa faini. Kabla hujanunua nyingine ingiza namba yake kwenye tovuti ya TfL (mamlaka ya usafiri London), usimsikilize muuzaji.

Ya Mombasa sahau, Kenya haipokei gari iliyozidi miaka 8 tangu isajiliwe mara ya kwanza. Dar ingeingia, lakini kuna ushuru wa uchakavu juu ya ushuru wa kawaida, ukijumlisha na meli kaka bora anunue hukohuko.