Nafasi Moja Ilinifutia Picha za Harusi Tatu

Juzi kijana mmoja kanitumia ujumbe: "Kaka, nina wiki mbili na terminali, kila nikiandika amri naona makosa tu. Hii kitu ina faida kweli au nirudi kwenye Excel?" Nilitaka kumjibu kwa sentensi mbili, nikajikuta nimefika mbali. Basi nayaleta huku.

Mimi kompyuta sikuisomea chuoni. Nilikuwa kijana wa steshenari Mwanza, natoa kopi mchana, jioni nahariri picha za harusi ambazo bosi alikuwa anapiga. Laptopu ya ofisi ilikuwa hoi kwa Windows, rafiki akaniwekea Ubuntu, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta, ndipo nikakutana na terminali, kile kidirisha cheusi cha kuandikia amri. Programu inayozipokea amri hizo inaitwa sheli. Nilipomwambia mama kwamba siku hizi najifunza sheli, akamshukuru Mungu, akauliza zamu ni za usiku au za mchana. Alidhani nimepata kazi ya kuuza mafuta.

Mwanzo hauna makuu: pwd inakwambia uko folda gani, ls inakuonyesha kilichomo, cd inakuhamisha. Baadaye nikaandika skripti yangu ya kwanza, yaani faili la amri zinazoendeshwa kwa mpigo, inatoa picha kwenye memori kadi, inazipa majina kwa tarehe, inazipeleka kwenye folda ya mteja. Kazi iliyokuwa inanila saa nzima ikawa ya dakika chache. Kichwa kikavimba. Nikawa nawaangalia wenzangu wanaobofya mausi kama watu waliochelewa basi.

Jumamosi moja jioni diski ikajaa. Kulikuwa na folda mbili: "Picha", yenye harusi tatu zilizokwisha kuhaririwa, na "Picha mbovu", yenye zile zilizotoka na ukungu au watu wamefumba macho. Nikaongeza mistari miwili kwenye skripti:

folda="Picha mbovu"
rm -rf $folda

Yaani, futa "Picha mbovu" na vyote vilivyomo. Nikabonyeza Enta, nikaenda kununua chipsi.

Narudi, "Picha mbovu" ipo palepale. "Picha" haipo.

Ilinichukua usiku kucha kuelewa. Bash, ndiyo sheli niliyokuwa natumia, ikikuta $folda haina alama za kunukuu, inaikata penye nafasi kati ya maneno. Kwa hiyo rm haikupewa jina moja, ilipewa mawili: Picha, na mbovu. Picha iliiona, ikaifuta. Folda ya "mbovu" haikuwepo, lakini ile -f maana yake ni usinilalamikie, basi ikanyamaza. Na rm haina kapu la taka. Wala si hitilafu: Bash ni ya 1989, na tabia hiyo imeirithi kwa sheli ya Stephen Bourne iliyotoka 1979. Imenikuta nazaliwa, haitabadilika kwa ajili yangu.

Harusi mbili tulizipata kwenye memori kadi ambazo zilikuwa hazijatumika tena. Ya tatu kadi yake ilishafomatiwa, imeenda kupiga kipaimara. Nikakatwa mshahara miezi mitatu, na hilo silalamiki. Kilichoniuma ni bosi kunisema mbele ya bi harusi: "Huyu ndiye fundi wetu wa kompyuta, utaalamu wake ni kufuta." Jina la Bwana Futa lilinikaa hadi naondoka pale.

Sasa wewe kijana. Kigeugeu, yaani jina linalobeba thamani kama folda pale juu, kiwekee alama za kunukuu, "$folda", kila siku, hata kama jina halina nafasi. Kabla ya rm, andika ls mahali pake uone itagusa nini. Wengi watakushauri utangulize echo. Kwa kosa langu echo isingenisaidia kitu, ingechapisha maneno yaleyale nami ningeona yako sawa. ls ingeniambia papo hapo kwamba "mbovu" haipo. Kuna programu ya bure inaitwa ShellCheck, ukiipa skripti inakuonyesha mstari wenye kasoro kama hiyo. Na alama za kunukuu, narudia.

Kuhusu makosa unayoyaona: yasome. Ikikuandikia Permission denied unapoendesha skripti yako, mara nyingi hujaipa ruhusa kwa chmod +x. Ukiona ^M baada ya /bin/bash, faili limeandikwa kwa mtindo wa Windows. Tatizo letu tunakimbilia kunakili amri ya mtu mtandaoni, tunaibandika, tunamwachia Mungu. Ile -rf mimi niliiokota hivyohivyo, sikuwa nimefungua man rm, maelezo ya amri yenyewe, hata siku moja. Mtu unamsalimia kwanza ndipo unamtuma; amri unaituma hujaijua hata jina?

Excel usiiache, hazigombani. Ila usikimbie kwa sababu ya wiki mbili.

Mwezi uliopita bosi yuleyule kanipigia. Anataka picha zake zinakiliwe kila usiku kwenye diski ya pili. Nimemwekea kwa cron, programu inayoendesha amri kwa saa uliyoipangia, saa nane usiku, ambayo unaiandika 2 kwa sababu cron haihesabu saa zetu. Hajasema samahani, kalipa lakini. Mistari kumi na minne, na kila kigeugeu kina nukuu zake.

"Picha mbovu" bado ninayo kwenye flashi. Bwana harusi wa ile harusi ya tatu amefumba macho karibu zote.