Kontrola ya Pili Si Pambo la Rafu

Wadogo zangu mnaoanza kazi za mtandao hapa Unguja na Pemba, kabla hamjamuandikia mteja bei ya kontrola za Wi-Fi, yaani mashine zinazoviongoza vifaa vya kurusha Wi-Fi, niulizeni usiku mmoja wa Agosti nililala wapi. Nililala sakafuni, kwenye chumba cha mitambo cha hoteli moja ya pwani ya mashariki, kichwa juu ya begi la zana.

Hoteli ile ilikuwa na aksespointi 60, ndivyo vile vifaa vya kurusha Wi-Fi. Kontrola kubwa ilikuwa na leseni za zote, yaani ruhusa ya kulipia, moja kwa kila aksespointi. Ya akiba nilishauri mimi mwenyewe tuipe leseni 25, si itakaa tu? Mwenye hoteli akafurahi, bei imeshuka. Usiku ule umeme ukakatika, ukarudi, ukakatika tena, na pawasaplai ya kontrola kubwa ikaungua. Aksespointi zote zikaikimbilia ya akiba. Zilizowahi, 25, zikapokewa. 35 zikabaki kubisha hodi. Bustanini, walipo paka tu, mtandao ulikuwa safi. Mapokezi hakuna kitu. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, na mimi sikuambiwa.

Kwa hiyo leseni zihesabuni kwa siku ya msiba. Mtego unaowanasa wengi ni kugawa mzigo: kontrola moja ina aksespointi 48, ya pili 40, zote zinafanya kazi, kila mtu anaona mmejipanga. Moja ikifa, iliyobaki lazima ibebe 88. Ina leseni 88? Na mashine yenyewe ina kifua hicho? Kontrola ya Cisco 2504, kwa mfano, mwisho wake ni aksespointi 75, ujaze leseni usijaze.

Halafu muulizeni muuzaji: kifaa chenye leseni kikifa, leseni inaishi muda gani? Majibu hayafanani. Cisco za zamani zilikuwa na kontrola maalumu ya akiba isiyonunuliwa leseni zake. Ikipokea mzigo hufanya kazi, ila baada ya siku 90 huanza kulalamika. Kwa Aruba, leseni zikiwekwa kwenye kapu moja na kontrola inayolishika kapu ikazimika, nyenzake huendelea kuzitumia siku 30. Meraki nayo, kwa mpango wake wa tarehe moja ya mwisho kwa leseni zote, hukupa siku 30 za huruma baada ya tarehe kupita, kisha mtandao hufungwa.

Siku 30 ni nyingi kwa mtu anayeishi karibu na ghala la muuzaji. Sisi kifaa kinaagizwa nje, kinafika Dar es Salaam, kinavuka bahari hadi bandari ya Malindi, Unguja, na kama kazi iko Chake Chake kinapanda boti nyingine. Hesabuni na karatasi za bandarini. Tarehe ya kulipia leseni nayo isiangukie Agosti wala Desemba. Mimi huiweka wakati wa masika, hoteli zikiwa kimya, ingawa hapo ndipo mhasibu huwa hana pesa. Basi mumuwahi mapema.

Kuhama kwenyewe kuna mambo yake. Kontrola mbili ziwe na toleo moja la programu, la sivyo kila aksespointi inayohamia itapakua programu kwanza na kujiwasha upya, na kwa vifaa 60 chai itapoa. Kila aksespointi iandikiwe jina la kontrola yake ya kwanza na ya pili. Herufi moja ikikosewa, haifiki. Kule aksespointi kurudi zenyewe kontrola kubwa ikiamka, kuzimeni. Umeme wetu ukianza kuchezacheza, aksespointi zitakuwa zinakwenda na kurudi kama boti ya Mkoani. Zirudisheni wenyewe usiku wa manane.

Saa pia, jamani. Kontrola iliyowaka na tarehe ya miaka mingi nyuma hukataa hata aksespointi zisizo na hitilafu yoyote, kwa kuwa vyeti vyao vya usalama vinaonekana havijaanza kazi. Wekeni seva ya saa ndani ya jengo, msitegemee intaneti.

Na msiziweke kontrola mbili kwenye rafu moja, swichi moja, UPS (betri ya akiba) moja. Hapo mmenunua kifo kimoja kwa bei ya mbili. Unguja ilikaa bila umeme wa gridi karibu mwezi mzima mwaka 2008, kisha tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010, kwa hitilafu za njia ya umeme unaotoka bara. Moja iwe kwenye jengo jengine, upande wa jenereta.

Siku ya kukabidhi, mwambieni meneja aing'oe mwenyewe waya ya umeme ya kontrola kubwa. Mmoja wenu awe ameshapiga simu ya WhatsApp, anatembea vyumba vyote huku anazungumza. Ikikata kwenye ngazi za ghorofa ya pili, aandike hapo hapo ni aksespointi ipi.