Mpeleka barua aliyepuliza akiwa amelala chali

Ndugu Mhariri,

Mmeuliza wiki hii: msanii akishuka jukwaani akaenda kuajiriwa, ameshindwa? Jibu langu ni hapana, na shahidi wangu ni Mmarekani Big Jay McNeely, mpuliza saksafoni ambaye mwaka 1949 wimbo wake ulishika namba moja, kisha baadaye akawa mpeleka barua wa posta.

Nina sababu ya kumtaja yeye. Nimepuliza mdomo wa bata, yaani saksafoni, kwa miaka kumi na minne katika bendi mbili za dansi hapa Dar es Salaam. Ya pili ilipovunjika, vyombo vyote vilikuwa vya mwenye bendi, akavifungia, nikatoka mikono mitupu. Leo natunza stoo ya mabati. Wanaonifahamu zamani wakinikuta na kalamu sikioni hunipa pole kama nimefiwa.

McNeely alizaliwa tarehe 29 Aprili 1927 Watts, Los Angeles, na jina lake hasa lilikuwa Cecil. Kaka yake Robert naye alikuwa mpuliza saksafoni, na baadaye walipiga bendi moja, kaka akishika baritoni, ile kubwa ya sauti nzito. Mwishoni mwa 1945 wanajazi Charlie Parker na Dizzy Gillespie walikwenda Los Angeles kupiga katika klabu ya Billy Berg's, na vijana wengi wa mji ule wakawehuka na bibopu, jazi yao ya kasi, noti mia kwa pumzi moja. McNeely alishika njia nyingine. Sauti iliyomkaa masikioni ilikuwa ya mpulizaji Illinois Jacquet katika "Flying Home", santuri ya bendi ya Lionel Hampton ya mwaka 1942, pale Jacquet anapoishika noti moja na kuirudia, kuirudia, mpaka msikilizaji anasimama bila kujijua.

Kuna wachambuzi wa jazi waliouita upigaji huo makelele. Hapo nawapinga kama mtu wa kazi. Noti ya chini kabisa ya saksafoni ya tenori inataka pumzi ya tumboni, siyo ya kifuani. Vidole vimefunga karibu kila tundu, mdomo umelegea kiasi tu cha kuiacha ridi, kile kijibanzi cha mdomoni, itetemeke, na ukikosea kidogo sauti inapasuka, inakwaruza kama bawaba yenye kutu. Mtu anayeipiga mara kumi na sita mfululizo, kila moja na uzito uleule na kila moja mahali pake kwenye mdundo, halafu akaruka moja kwa moja hadi juu kwenye sauti ya kulia, huyo anakijua chombo chake. Mimi ilinichukua miaka mitatu kuipata noti ile iwe safi, na miaka yote ya bendi mara sita mfululizo sikuwahi kufika bila kutetereka.

Alianza kurekodi na Johnny Otis, mpiga ngoma aliyekuwa na klabu ya Barrelhouse hapo hapo Watts. Savoy Records wakamchukua, na mwenye kampuni, Herman Lubinsky, ndiye aliyempa jina la Big Jay. Mapema mwaka 1949 "The Deacon's Hop" ikashika namba moja katika chati ya Marekani nzima ya R&B, muziki wa dansi wa Wamarekani weusi. Alikuwa hajatimiza miaka 22.

Kilichomfanya asimuliwe hadi leo kilitokea Clarksville, Tennessee. Ukumbi umejaa, watu wamekaa kimya, hakuna anayetikisa hata kichwa. Akapiga magoti huku anapuliza. Kimya. Akalala chali sakafuni, saksafoni juu ya kifua, akaendelea kupuliza, na hapo ukumbi ukalipuka. Aliporudi kwao Los Angeles akafanya vilevile, vijana wakapagawa. Mwaka 1951 mpiga picha Bob Willoughby alimnasa katika ukumbi wa Olympic Auditorium wa mji huo: yeye amelala chali ukingoni mwa jukwaa, na mbele yake vijana, wengi wao wazungu, wamefumba macho, wamekunja ngumi, midomo wazi. Nimeitazama picha hiyo mara nyingi mno. Baadaye akaipaka saksafoni rangi ing'aayo gizani, taa zinazimwa, watu wanaona chombo tu kikielea chenyewe.

Yeye mwenyewe alikuwa akisimulia kwamba usiku mmoja kule San Diego alitoka ukumbini akipuliza, akaenda hadi barabarani, polisi wakamkamata kwa kuvuruga amani. Ndani bendi haikujua, ikaendelea na wimbo uleule ikimsubiri arudi, mpaka mtu alipokimbia kwenda kumwekea dhamana.

Sasa ndiyo sehemu inayohusu swali lenu. Katika miaka ya 1950 gitaa lilianza kuipokonya saksafoni nafasi ya mbele. Mpulizaji aliyekuwa nyota akawa mtu wa kujaza mistari minane katikati ya wimbo wa mwingine. McNeely alipata pigo moja zuri tena mwaka 1959, "There Is Something on Your Mind", akiimba Little Sonny Warner, wimbo wa taratibu kabisa, saksafoni inanong'ona nyuma ya mwimbaji. Ulifika namba tano kwenye R&B. Mwaka uliofuata Bobby Marchan akaurudia, wake ukashika namba moja. Nyakati zikawa zimegeuka. Akaingia posta.

Sisi tumezoea sanduku la posta na ufunguo wake, kwa hiyo kazi yenyewe inaweza isieleweke vizuri. Kule barua inamfuata mtu hadi mlangoni. Nafikiria watu waliopokea bili zao kutoka mikono ileile iliyoshika tenori Olympic Auditorium, wakasema asante, wakafunga mlango. Wengi tungeishia hapo na kusema masikini, kumbe alikuwa staa.

Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1980, watu walipoanza kuutafuta upya muziki ule, alirudi jukwaani, na alikuwa na miaka zaidi ya hamsini. Ulaya ikampokea. Usiku ukuta wa Berlin ulipofunguka, Novemba 1989, alikuwa Berlin Magharibi akipiga katika klabu ya Quasimodo, na mashabiki wakaja na hadithi yao kwamba ni saksafoni yake iliyouangusha. Mwaka 2016, na miaka 89, alitoa albamu mpya. Alifariki tarehe 16 Septemba 2018 huko California, umri wa miaka 91. Kutoka "The Deacon's Hop" hadi albamu ile ni miaka 67.

Anayepuliza ataelewa kwa nini jambo hili linanigusa. Mpiga gitaa akikaa mwaka mzima bila kupiga, vidole vinauma wiki moja tu. Sisi mdomo unalegea ndani ya siku kumi na tano, pumzi inakuwa fupi, sauti inakuwa nyembamba. Mtu aliyeshindwa na muziki harudi akiwa mzee akaijaza tenori kwa pumzi ile. Soko ndilo lililomwacha, na posta ikamlipia chakula wakati soko liko huko lilikokwenda.

Nami nasema kwa yaliyonikuta. Miaka yote ya bendi sikuwahi kumiliki saksafoni. Mshahara wa stoo ndio ulioninunulia, ya mtumba, rangi imebabuka, pedi mbili, vile vifuniko laini vya matundu, nimezibadilisha mwenyewe kwa ngozi ya mkoba. Saa kumi na moja alfajiri, kabla ya kukimbilia daladala, nafungua kabati, naingiza kinywa chake kipana katikati ya nguo ili majirani wasiamke, na ninaitafuta noti ya chini. Juzi nilifika mara tisa.

Msomaji wenu, Mbagala, Dar es Salaam