Hawakudai hela wale

Kaka hapo juu umesema wale wakulima wa Marekani waliishtaki Monsanto, ile kampuni ya mbegu, kutafuta fidia wakashindwa, hapana bwana, tuwekane sawa. Ile kesi ya 2011 kule New York hawakuomba hata senti, walitaka tu mahakama itamke kwamba upepo ukileta chavua ya GMO (mazao yaliyobadilishwa vinasaba) shambani kwao wasije wakashtakiwa wao tena eti wametumia hataza (haki ya kumiliki uvumbuzi) ya kampuni bila ruhusa. Jaji akaitupa 2012, wakakata rufaa, 2013 wakashindwa tena ila mahakama ikaishikilia kampuni kwa kauli yake yenyewe kwamba haitawashtaki ambao mazao yao yamechanganyika kidogo tu, kama asilimia 1 hivi. Sasa kiwango kikizidi hapo je?

Na hofu yao ilikuwa na msingi, Percy Schmeiser, mkulima wa Kanada, alishtakiwa na Monsanto, kesi ikafika mpaka Mahakama ya Juu akashindwa 2004, majaji 5 kwa 4, japo hakulipishwa fidia (na tuseme ukweli, yeye aliitunza mbegu yenye GMO ya kampuni akaipanda akijua).

Mimi linaniuma kwa sababu mahindi yanachavushwa na upepo na wazee wetu huko mkoani bado wanachagua mahindi mazuri wanatundika juu ya jiko ndo mbegu ya mwakani, halafu sisi huku Dar tunabishana GMO ina madhara haina madhara, wakati majaribio ya mahindi ya GMO yalishafanyika Makutupora Dodoma. Mi nataka sheria iseme wazi chavua ikivuka mpaka wa shamba nani anamlipa nani.