Ukichaguliwa Kwenda Ng'ambo Kujifunza Akili Mnemba, Anzia Shambani kwa Bibi

Wiki hii mdogo wangu wa Newala amenipigia simu akiwa na furaha tele. Amechaguliwa kwenda Ulaya kwenye mpango wa kubadilishana vijana, wiki mbili, wakajifunze kutumia akili mnemba kwenye kero za jamii zao. Akaniuliza abebe nini. Nikamwambia: beba tatizo moja la kijijini kwenu, ulijue mpaka mzizi.

Zamu yangu ilipofika, nilikwenda Ujerumani na nguo nzuri na daftari jipya. Siku ya pili kila mmoja akaambiwa ataje kero ya kwao. Nikasema "kilimo". Kilimo gani? Nikababaika, mimi niliyekuzwa kwa makopa ya muhogo. Mwishowe nikaomba nyumbani wanitumie picha za majani ya muhogo kwa WhatsApp, tukaifundisha kompyuta kutofautisha jani zima na lenye batobato, ugonjwa wa muhogo unaoonekana kwenye majani. Ukumbini ilifanya kazi vizuri, nikapigiwa makofi.

Niliporudi nikaipeleka programu hiyo, ikiwa kwenye simu, kwa bibi mmoja anayelima nje ya mji wa Newala. Nikapiga picha shina baada ya shina, simu ikasema mmea mzima. Bibi hakunibishia. Alishika shina moja akaling'oa, akaukata muhogo katikati kwa panga, akaniwekea kiganjani. Ndani ya ule weupe kulikuwa na mabaka ya kahawia, makavu, magumu kama gome.

"Huu unaumwa chini, mjukuu wangu. Juu unakudanganya tu."

Ndiyo michirizi ya kahawia, ugonjwa unaosumbua sana ukanda wetu wa pwani. Majani yanaweza kuwa na dalili hafifu huku mizizi imeshaoza. Kompyuta haijui usichoionyesha, na sisi tuliionyesha majani tu.

Kwa hiyo kabla ya kupanda ndege, shinda siku nzima na bibi kama huyo. Muulize anautambuaje ugonjwa, na kwa Kimakonde anauitaje. Fika Naliendele, kituo cha TARI (Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania) pale Mtwara, uwaulize watafiti. Pakua pia Nuru ya PlantVillage, programu ya simu inayokagua majani ya muhogo hata bila intaneti na inasema Kiswahili, uone wenzetu wamefika wapi. Ukitaka kurekodi sauti au kupiga picha za watu, omba ridhaa kwanza. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata isingekuwepo, sauti ya mzee wa watu si kitu cha kuondoka nacho kimyakimya.

Pasipoti usisubiri mwaliko. Mambo ya visa yatakupeleka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500 kutoka Mtwara, na nimeona vijana wawili wazuri wakikosa safari kwa kuchelewa tu. Inaniuma mpaka leo.

Jumamosi mdogo wangu anapanda bodaboda kwenda kwa bibi yule yule. Ameshanunua kilo mbili za sukari za kumpelekea, na nimemsisitiza: aombe panga, akate muhogo mwenyewe, apige picha za ndani.